Tutayarishe kamyo yenyewe, si karatasi yake peke yake

Maoni ya timu ya agronomia, Sake



Katika gazeti hili mumetuzoea tukiandika juu ya mbegu za viazi, juu ya mildiu, juu ya ghala na bei ya maharagi kule Goma. Leo tunaandika juu ya gari. Kuna wale watauliza: agronome anajua nini juu ya gari? Jibu letu ni fupi. Viazi vya Masisi haviteremki vyenyewe mpaka sokoni. Unaweza kuchagua mbegu nzuri, kupanda kwa mistari, kupiga dawa kwa wakati wake, kuvuna bila kujeruhi kiazi hata kimoja, halafu kazi yote ya miezi minne inaharibika saa moja katika mtelemko, juu ya kipande kidogo cha mpira ndani ya freni. Sisi tumeona hiyo kwa macho yetu. Njo maana tunaandika.

Kila mwaka koperative iliyo na gari inapaswa kulipeleka kwa kontrole tekiniki. Na kila mwaka, katika koperative nyingi tunazosindikiza, neno "kutayarisha kontrole" linamaanisha kitu kimoja tu: kutafuta pesa ya karatasi. Sisi tunasema hapana. Kutayarisha kontrole ni kutayarisha kamyo. Karatasi inakuja nyuma.

Tulilipa nini?

Tuanze na kosa letu wenyewe, mbele ya kuhukumu wengine.

Koperative moja katika milima ya Masisi iko na kamyo moja Mitsubishi Canter ya zamani, ile ambayo wote munaita Fuso. Ilinunuliwa ikiwa imekwisha kufanya kazi miaka mingi mahali pengine. Mwaka ule, wakati wa kupanga matumizi, kamati iliandika mustari mmoja: "kontrole tekiniki". Sisi wa timu tuliusoma, tukaona ni kitu cha sheria, tukatia sahihi. Hatukuuliza ni nani ataangalia gari, wala siku gani. Pesa ilitoka, mtu mmoja akateremka nayo, akarudi na karatasi yenye muhuri. Kamyo yenyewe ilikuwa imelala nyuma ya ghala siku ile yote. Hakuna aliyeifungua hata mlango.

Mwezi mmoja nyuma, wakati wa mavuno ya viazi, kamyo ile ilikuwa inateremka kutoka upande wa Mushaki kuja Sake, imebeba magunia, na juu ya magunia watu wanane. Mmoja wetu alikuwa ndani, karibu na shofere. Mbele kidogo ya kona, shofere alikanyaga freni na uso wake ukabadilika. Alituambia nyuma: "Nilikanyaga mara ya kwanza, ikaenda paka chini, kama nakanyaga matope. Mara ya pili, kitu hakuna." Alikuwa mtu wa akili. Aliingiza gari katika ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde. Kamyo ilisimama imelala ubavu. Mama mmoja alivunjika mkono. Kijana mmoja alipasuka kichwa, akashonwa. Magunia mengi yalitawanyika mpaka chini, na viazi vilivyopigwa na mawe hakuna aliyevinunua.

Hakuna aliyekufa. Tunalisema neno hilo kwa shukrani, lakini pia kwa haya, kwa sababu hatukufanya kitu chochote kuzuia kifo.

Katika mkutano uliofuata, Mama trezoriye alisimama. Hakupiga kelele. Alishika resu ya kontrole mkononi, akauliza: "Baba zangu na mama zangu, tulilipa kontrole, njo hii hapa resu. Sasa tulilipa nini?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Papa prezida aliangalia chini. Na sisi pia tuliangalia chini. Maandishi haya ni jibu letu, hata kama limechelewa.

Karatasi haishiki mtelemko

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba sheria haina maana. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ile namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ilitungwa ili gari lisiue yule aliye ndani wala yule anayepita kando. Kontrole ya kila mwaka ni wazo zuri: mutu mwengine, asiye shofere wala mwenye gari, aangalie kwa macho mapya. Mwenye gari anazoea makosa ya gari lake kama vile mutu anazoea paa linalovuja. Anaweka sufuria chini, anaendelea kulala.

Lakini wazo zuri linakufa kama sisi wenyewe tunalinunua badala ya kulifanya. Yule anayeuza karatasi bila kuona gari ana kosa. Yule anayeinunua ana kosa pia, na hatari yote inabaki kwake. Muhuri haujui kama mafuta ya freni yamechoka. Polisi wa rulaje akikusimamisha, karatasi inaweza kukupitisha kwenye barieri. Katika mtelemko wa Kimoka hakuna barieri ya kuonyesha karatasi. Kuna wewe, kamyo, na uzito wa magunia unaokusukuma mgongoni.

Na kwetu hapa jambo hili ni zito kuliko mahali pengine. Sake ni njia panda. Barabara ya Masisi, ya Kitchanga, ya Minova, ya Goma, zote zinakutana hapa. Kutoka milimani kila kitu kinateremka kikiwa na mzigo, na gari linapanda likiwa tupu au karibu tupu. Shofere akipanda anasema gari iko sawa. Anapanda mlima mzima bila kuhitaji freni, halafu freni anaihitaji wakati wa kurudi, siku gari ni zito.

Tena kuna magari yaliyolala. Munakumbuka Februari 2024, vita ilipokaribia Sake na watu wengi wakakimbilia upande wa Goma. Magari mengi yalifichwa, mengine yalisimama miezi bila kuwashwa. Gari lililolala halipumziki. Freni zinashika kutu, batri inakufa, panya wanakula nyaya za umeme, mpira unabaki umekaliwa upande mmoja mpaka unabadilika umbo, mazutu ndani ya tanki inakusanya maji. Kama kamyo yenu ililala hivyo halafu ikawashwa na kurudi kazini siku ileile, kontrole ya mwaka huu isiwe ya karatasi.

Majuma mawili mbele ya siku yenyewe

Tunapendekeza majuma mawili ya kutayarisha. Mutu mmoja wa kamati asimamie, pamoja na shofere na mekanisie. Wawe na daftari. Kila kitu kinachoonekana kiandikwe, hata kama hakitatengenezwa siku ile.

Kazi ya kwanza ni maji. Mupeleke kamyo kuoshwa, na kwanza chini yake. Matope yaliyokauka yanaficha kila kitu: mfupa wa chini wa gari uliopasuka, resori iliyovunjika jani moja, mahali mafuta yanavuja. Mkaguzi naye hawezi kuona kitu chini ya matope, na mkaguzi asiyeona kitu ataandika kile anachotaka. Gari likikauka, mulipaki usiku mmoja juu ya mahali pasafi au juu ya karto zilizofunguliwa. Asubuhi muangalie matone. Kila tone lina mahali lilipotoka.

Kazi ya pili ni freni, na hapo musihesabu pesa kwa ubahili. Mafuta ya freni yana tabia moja ambayo mafuta mengine hayana: yanavuta maji kutoka hewani, polepole, hata kama kifuniko kimefungwa. Yakiwa na maji, yanachemka mapema. Katika mtelemko mrefu, freni zinapata moto, mafuta yanachemka ndani ya bomba, mapovu yanaingia, na mapovu yanabanwa kirahisi. Kwa hiyo mguu unaenda chini na gari halisimami. Ukingoja nusu saa, freni inarudi, na kila mutu anasema labda ni pepo. Si pepo, ni maji. Mafuta haya yabadilishwe karibu kila miaka miwili, hata kama chombo kimejaa. Kama yamekuwa meusi, musingoje. Na musiongeze mafuta ya moteri wala mafuta mengine yoyote mahali pake: yanavimbisha mipira midogo ya ndani na kuharibu mfumo wote.

Jaribio moja hata mama asiyejua gari anaweza kulisimamia. Moteri ikiwaka na gari limesimama, shofere akanyage freni kwa nguvu na ashike muda wa dakika moja. Kama mguu unateremka polepole, kuna mahali panavuja au pompa imechoka. Halafu azime moteri, akanyage mara nyingi mpaka pawe pagumu, ashike, awashe tena. Mguu unapaswa kushuka kidogo. Kama haushuki hata kidogo, msaada wa freni haufanyi kazi. Mwisho, mahali pa usawa na udongo mukavu, pasipo na watoto, aende polepole na kufunga freni. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja linafanya kazi kuliko mwenzake. Mashine za kupima freni katika kontrole za kweli zinatafuta kitu hichohicho: zinalinganisha kushoto na kuume.

Freni ya mkono nayo ijaribiwe juu ya mulima, kipande cha mti kikiwa tayari nyuma ya gurudumu. Freni ya mkono isiyoshika njo inafanya kijana wa koperative akimbie na jiwe kila mara gari linaposimama, mpaka siku moja mkono wake unabaki chini ya mpira.

Kazi ya tatu ni mipira. Barabara zetu zina mawe ya volkano yanayokata kama kisu, na yanakata ubavuni kuliko chini. Kwa hiyo musiangalie meno ya mpira peke yake, mupitishe mkono ubavuni, pande zote mbili, hata ule wa ndani usioonekana. Tena angalieni umri. Kila mpira una maandishi DOT, na mwisho wake namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2317, mpira ule ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2017. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na kuwa umezeeka ndani, hasa ile ya okazyo inayouzwa ikiwa imepakwa rangi nyeusi. Mukinunua okazyo, msome namba mbele ya kusema bei.

Kazi ya nne ni usukani na miguu ya gari. Mutu mmoja ashike usukani na kuutikisa kidogo, mwingine alale chini na kuangalia vifundo. Kifundo kinachocheza bila gurudumu kusogea kimekwisha. Gurudumu likiinuliwa na kutikiswa juu na chini, likilia au kucheza, rulema zinaomba kubadilishwa. Resori iliyovunjika na kufungwa na mpira wa shambrere haijatengenezwa, imefichwa tu. Na kwa wale wanaoongeza majani ya resori ili kamyo ibebe zaidi, tunasema wazi: resori ya kuongezwa haiongezi freni. Mumeongeza uzito, na kile kinachosimamisha uzito kimebaki kilekile.

Mengine ni madogo lakini yanaangusha gari katika kontrole: kioo cha mbele kilichopasuka mbele ya macho ya shofere, vioo vya kando, vipanguzi vya mvua, honi, mikanda, batri isiyofungwa. Moshi pia unasema. Moshi mweusi: mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi, na kulibadilisha ni bei ndogo. Moshi wa buluu: moteri inakula mafuta yake yenyewe, na hapo mujitayarishe kwa mazungumzo marefu na mekanisie.

Taa zinazotazama upande usio wetu

Hapa tunaomba musome kwa utulivu, juu jambo hili wengi hawalijui.

Magari mengi ya zamani hapa kwetu yana usukani kuume. Yalitengenezwa kwa nchi ambazo watu wanatembeza gari upande wa kushoto, kama Japani, na mengi yalipitia Dar es Salaam au Mombasa, ambako pia ni kushoto. Sisi Kongo tunatembea kuume. Wengi wanafikiri shida ni ya kuovertake tu, kwamba shofere haoni mbele. Hiyo ni kweli. Lakini kuna shida ya taa pia. Taa ya chini ya gari la kushoto imepangwa inyanyue mwanga upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara. Ukilileta gari lile hapa, mwanga ule unanyanyuka katikati ya barabara, ndani ya macho ya yule anayekuja. Anakuwashia taa kali, wewe unafikiri anakutukana. Kumbe umemupofusha.

Muangalie wenyewe. Jioni, muweke kamyo mbele ya ukuta, mita tano hivi, taa za chini ziwake. Angalieni mstari wa mwanga juu ya ukuta: unapanda upande gani? Kama unapanda kushoto, mumwambie mekanisie. Taa nyingine zinabadilishwa ndani, nyingine zinapaswa kuondolewa na kuwekwa za kuume. Musingoje mkaguzi awaambie. Yule mwenye motari anayekuja na watu wawili nyuma yake usiku kati ya Sake na Mubambiro hajui tarehe ya kontrole yenu.

Na taa za nyuma: za freni, za kugeuka. Mutu mmoja akanyage, mwingine asimame nyuma. Ni kazi ya dakika mbili.

Siku ya kontrole

Siku yenyewe, kamyo iende. Tunaandika hivyo kwa sababu mara nyingi haiendi. Iende na shofere na mutu mmoja wa kamati, na daftari. Ndani ya bahasha moja muweke karti roze, asiransi, vinyeti, perme ya shofere, na karatasi ya kontrole ya mwaka uliopita. Mbele ya siku ile mulinganishe namba ya shasi na namba ya moteri na zile za karti roze. Kamyo nyingi za zamani zilibadilishiwa moteri na hakuna aliyeandika. Jambo lile ni afadhali mulipeleke nyinyi kwenye ofisi mapema, kuliko ligunduliwe barabarani na magunia yakiwa juu.

Ndani ya gari muweke pembetatu ya hatari, kizima-moto ambacho bado kina nguvu, sanduku la dawa za kwanza, mpira wa akiba wenye upepo, jeki, na vipande viwili vya mti vya kuzuia gurudumu.

Na mkaguzi akitaka kutia muhuri bila kuangalia, mumuombe kwa heshima aangalie: "Papa, tumetoka mbali, tunaomba utuonyeshe makosa." Kuna wale watacheka. Wacheke. Akipata kosa, liandikwe katika daftari, na hiyo si haya. Kosa lililoandikwa ni kosa ambalo halitatushtukiza. Mulipe kile kilichoandikwa, mudai resu, resu iingie kwa Mama trezoriye.

Pesa itatoka wapi?

Tunasikia sauti yenu tayari: "Hayo yote ni mazuri, lakini pesa?"

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kamyo inabeba magunia 60 kwa safari moja, safari tatu kwa juma. Hayo ni magunia 180. Kama kila gunia linaacha franga 500 katika sanduku la gari, ni franga 90.000 kwa juma, na kwa majuma manne ni franga 360.000. Kila koperative iweke namba zake yenyewe. Ni sanduku hilo litanunua mafuta ya freni na mipira, kidogo kidogo, mbele ya kuvunjika. Lakini liwe sanduku la pekee, lenye daftari lake. Sanduku la gari likichanganywa na sanduku la mbegu, msimu wa kupanda utakula freni.

Tena tunawakumbusha jambo ambalo wakulima mnalijua kuliko sisi. Hakuna anayengoja majani ya viazi yaungue ndipo akatafute dawa ya mildiu. Akingoja hivyo, anapiga dawa juu ya shamba lililokwisha kufa. Freni ni hivyohivyo.

Wale wanaosema ni kazi bure

Kuna mashaka mawili tumeyasikia mara nyingi, na hayatoki kwa wajinga.

La kwanza: "Hata gari likiwa zima, barabarani watatusumbua tu." Ni kweli, kusumbuliwa kupo, na hatutawadanganya kwamba kamyo nzuri inafungua barieri zote. Lakini anayetaka kukusimamisha anatafuta mahali pa kushika. Taa iliyokufa ni mahali pa kushika. Mpira ulioisha ni mahali pa kushika. Mukiondoa hayo, mumemuachia maneno machache. Na kama atashika tu, angalau yule mama aliye na maziwa juu ya gari atachelewa kwa kosa la mwengine, si kwa kosa la koperative yake.

La pili: "Barabara ndiyo mbaya, itaharibu tena kila kitu." Pia ni kweli. Lakini neno hilo linasukuma upande wetu. Kama barabara inaharibu haraka, basi kuangalia mara moja kwa mwaka haitoshi. Kontrole ya serikali iwe ile kubwa, na sisi tufanye ndogo yetu kila mwisho wa mwezi, kwa daftari lilelile.

Na shofere ana sehemu yake. Freni nzuri inauawa na mguu mubaya. Mtelemko uteremkwe katika vitesi ileile ambayo ungeutumia kuupanda, moteri ishike gari, na freni isaidie. Yule anayetoa vitesi ili gari liserereke na aokoe mazutu kidogo, anaokoa chupa moja na kuchezea kamyo nzima. Koperative isimsifu.

Limebaki jambo moja ambalo karatasi yoyote haitalitengeneza: watu juu ya magunia. Tulijiuliza sana kwa nini mama mwenye akili anapanda pale juu na mtoto mgongoni. Tulipomuuliza mmoja, alisema: "Nikibaki nyuma, gunia langu litafika likiwa nusu." Kwa hiyo shida si ujinga, ni ukosefu wa imani. Dawa yake iko mikononi mwa kamati: mupime kila gunia kwenye ghala mbele ya mwenyewe, mumpe kikaratasi chenye kilo na sahihi, na kule Goma mupime tena. Mama aliye na kikaratasi anaweza kupanda motari au kubaki nyumbani, na gunia lake litafika zima.

Tunachoomba mkutano mkuu

Tunaomba mambo manne, na tunaomba yaandikwe katika ripoti ya mkutano. Moja, tarehe ya kontrole ijulikane na wote, na majuma mawili ya kutayarisha yaanze mbele yake. Mbili, sanduku la gari liwe na daftari lake. Tatu, mutu wa kamati aende pamoja na kamyo, na arudi kusema mbele ya wanachama kile mkaguzi alikiona. Nne, shofere awe na haki ya kusema "leo gari haliteremki" bila kupoteza kazi, hata kama magunia yako juu na bei ya Goma ni nzuri.

Sisi wa timu pia tunajifunga. Hatutatia sahihi tena juu ya mustari wa "kontrole tekiniki" kama daftari la gari haliko mezani pamoja nao.

Mama trezoriye aliuliza tulilipa nini. Tulilipa muhuri, Mama. Mwaka huu tulipe freni, na muhuri ufuate nyuma.